Picha ya Karatasi, Maua na Rezini: Namna ya Kuizuia Isioze

Picha ya mchanganyiko ni picha isiyotengenezwa kwa rangi peke yake. Fundi hutandaza kitambaa juu ya fremu ya mbao, akabandika vipande vya karatasi, akapanga maua makavu, kisha akamalizia kwa mapambo ya rezini, yaani utomvu mwangavu unaogeuka kuwa mgumu kama kioo. Kazi hii haihitaji mashine. Sehemu kubwa ya vifaa vyake hupatikana katika kibanja chochote cha Bukoba au Muleba: maua ya mkahawa, maganda makavu ya mgomba, bogenvilia iliyopandwa uani.

Hata hivyo, kuna hasara ambayo humpata fundi asiyejua sayansi ya vifaa vyake. Picha iliyokuwa safi mwezi wa Agosti huweza kuwa na madoa meusi kabla ya masika kwisha. Maua hugeuka rangi ya kahawia, ukungu humea, na rezini hufifia kana kwamba imepuliziwa pumzi. Mnunuzi hurudisha picha, na fundi hupoteza fedha pamoja na jina lake. Chanzo cha maradhi hayo mara nyingi ni kimoja, nacho ni maji yaliyofungiwa ndani.

Hewa ya ukanda wa Ziwa

Mji wa Bukoba uko ufukoni magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Pepo zivukazo ziwa hubeba mvuke na kuumwaga juu ya ufuko huo pamoja na vilima vyake. Ndiyo sababu Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, hali mvua hupungua sana kadiri mtu anavyokwenda magharibi kuelekea Karagwe. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Muleba, iliyo kusini mwa Bukoba, nayo imepakana na ziwa.

Karatasi, kitambaa cha pamba na petali za maua hujengwa kwa kiasi kikubwa na selulosi. Selulosi huvuta maji kutoka hewani, na huyatoa tena hewa inapokauka. Kwa hiyo kitu kilichoanikwa Bukoba hakikauki kupita kiasi ambacho hewa ya Bukoba inakiruhusu. Unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 70 kwa muda mrefu, ukungu hupata maji ya kutosha kumea. Mkulima wa kahawa anaijua kanuni hii: buni hukaushwa mpaka ibakiwe na maji ya kadiri ya asilimia 12, ndipo iwekwe ghalani. Ikiwekwa mbichi, huvunda.

Kitambaa na karatasi

Kitambaa kifaacho ni amerikani nzito, iliyofuliwa ili kuondoa wanga wa kiwandani, kisha ikatandazwa na kupigiliwa misumari midogo nyuma ya fremu. Mbao za fremu ziwe zimekauka, la sivyo zitapinda na kukivuta kitambaa. Juu ya kitambaa hupakwa gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na unga wa chaki, mara mbili, na kila mpako huachwa ukauke. Uji wa muhogo hunata vizuri na ni rahisi kupatikana, lakini wanga ni chakula cha ukungu na cha wadudu. Katika ukanda wa Ziwa ni afadhali uepukwe.

Fundi anaweza pia kutumia kitambaa cha gome la mti. Zamani, kabla nguo za pamba hazijaenea, Wahaya walivaa magome yaliyopondwa, kama walivyofanya jirani zao Waganda. Gome hilo hutoka kwa mti wa jamii ya mikuyu uitwao kitaalamu Ficus natalensis. Gome la ndani huvuliwa wakati wa mvua, hupondwa kwa nyundo za mbao hadi lipanuke na kulainika, kisha huanikwa. Mti haufi, kwa kuwa shina hufunikwa kwa majani ya mgomba hadi liote gome jipya. Ufundi huu kama ufanywavyo Uganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Rangi yake ya udongo mwekundu huyadhihirisha vizuri maua meupe na ya manjano.

Karatasi nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Karatasi ya gazeti ina lignini nyingi, yaani kile kiungo kinachofanya mbao kuwa ngumu. Lignini ikipigwa na mwanga hubadilika, na karatasi huwa ya manjano na kukatika. Karatasi nyeupe ya kuandikia hudumu zaidi.

Jambo jingine ni rezini kupenya karatasi. Karatasi huonekana nyeupe kwa kuwa mwanga hutawanywa na nyuzi pamoja na hewa iliyo kati yake. Rezini ikichukua mahali pa hewa, mwanga hupita, na karatasi huwa kama ile iliyofungiwa maandazi ya moto. Ili kuzuia hali hiyo, karatasi iliyokwisha kubandikwa hupakwa gundi nyeupe mara mbili, na kuachwa ikauke kwa siku mbili au zaidi.

Kukausha maua

Mwanafunzi wa kazi hii afaa kuanza na bogenvilia. Vile vionekanavyo kama petali zake ni majani yaliyogeuka rangi. Ni membamba, yana maji machache, na hukauka upesi. Maua ya mjohoro na ya mjakaranda huja baadaye. Maua manene huhitaji kutenganishwa petali moja moja.

Maua huchumwa umande ukishakauka, hupangwa kati ya karatasi zinazofyonza maji, kisha hukandamizwa kwa ubao na mawe. Karatasi hubadilishwa kila siku katika siku za mwanzo, kwani karatasi iliyolowa huyarudishia maua maji yake. Baada ya wiki moja hadi mbili petali huwa kavu kwa kadiri ya hewa ya mahali hapo. Hivyo ndivyo wataalamu wa mimea wanavyokausha vielelezo vyao, na vingine vimedumu zaidi ya miaka 200.

Wepesi wa kukausha una faida nyingine. Maua meupe ya mkahawa huwa ya kahawia kwa sababu ile ile ambayo ndizi iliyomenywa hugeuka nyeusi: vimeng'enya vya mmea huunganisha kemikali zake na oksijeni ya hewa. Vimeng'enya hivyo huhitaji maji. Maji yakiondoka haraka, weupe husalia.

Kwa Bukoba na Muleba kuanika peke yake hakutoshi. Fundi akaange mchele bila mafuta, aupoze katika chombo kilichofunikwa, kisha autie ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Maua yaliyofungwa katika karatasi nyepesi huwekwa juu ya mchele huo kwa siku mbili hadi tatu. Mchele uliokaukiwa huvuta maji yaliyosalia. Petali iliyo tayari huvunjika ikipindwa. Ikikunjika bila kuvunjika, irudishwe koponi. Maua yakitolewa yatumiwe siku hiyo hiyo, maana huanza tena kuvuta mvuke.

Rezini ya mti na ya kiwandani

Afrika Mashariki ina rezini yake ya asili, nayo ni sandarusi. Hutoka kwa msandarusi, Hymenaea verrucosa, mti wa pwani. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini ilisafirishwa kupitia Zanzibar kwenda Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Ndani ya baadhi ya vipande huonekana wadudu walionaswa zamani.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa sandarusi humhifadhi mdudu mbichi, kwa nini ua bichi lioze ndani ya rezini? Jibu ni kwamba utomvu wa mti una mafuta yarukayo hewani ambayo huua vijidudu na husaidia kukausha. Tena, mara nyingi kilichobaki cha mdudu ni umbo la nje tu. Rezini ya kiwandani haina kazi hiyo. Huziba tu, na kilicho ndani hubaki na maji yake.

Rezini inayotumiwa sana leo ni epoksi, iliyotokana na utafiti wa miaka ya 1930 na 1940, hasa wa Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani. Huuzwa katika chupa mbili, moja ya rezini na nyingine ya dawa ya kugandisha. Zikikutana, molekuli zake hushikana na kuwa wavu mmoja mgumu. Kipimo cha mtengenezaji kifuatwe barabara, kwani kuzidisha dawa hakuharakishi kazi bali huacha rezini ikinata.

Kumwaga rezini

Maua hushikizwa kwa tone la rezini yenyewe badala ya gundi ya maji, ili yasiloweshwe upya. Kazi ifanywe mchana wa siku kavu, kwa kuwa dawa ya kugandisha huathiriwa na mvuke wa hewa na kufanya utando wenye ukungu juu ya picha. Rezini imwagwe kwa tabaka nyembamba. Mchanganyiko hutoa joto lake wenyewe, na ukiwa mwingi mahali pamoja hupata moto, hutoa mapovu, hata hufuka moshi. Mapambo kama matone au punje za buni huundwa katika vibao vidogo vya mpira, kisha hubandikwa.

Epoksi mbichi huweza kuleta mzio wa ngozi usiotoka maisha yote. Fundi avae glavu, afungue madirisha, awaweke watoto mbali, na asivute vumbi la rezini anapoisugua. Masalio yasimwagwe ziwani, maana hudhuru samaki. Yaachwe yagande kwanza, kisha yatupwe kama taka ngumu.

Picha iliyokamilika itundikwe mahali pasipopigwa na jua, kwani mwanga hufifisha rangi za maua na huifanya epoksi kuwa ya manjano. Iachiwe nafasi ndogo kati yake na ukuta ili hewa ipite nyuma. Zaidi ya hapo hakuna dawa itakayoponya picha iliyofungwa ikiwa mbichi. Kama ilivyo kwa buni, kazi ya kuihifadhi humalizika kabla ya kufungwa.