Safura ya Mzazi, Bakuli la Mtoto

Kwa mgeni apitaye Kasokola, jirani na mji wa Mpanda mkoani Katavi, wakati mahindi yamebeba na mpunga umeinamisha vichwa, ni taabu kusadiki kwamba nyumba zilizozungukwa na neema hiyo zaweza kulea mtoto aliyedumaa. Lakini Rukwa, ambako Mkoa wa Katavi ulimegwa mwaka 2012, ni ghala la nafaka, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wake wa chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali katika Tanzania nzima walikuwa 30 kwa kila 100.

Sababu ni nyingi, wala sidai kuwa safura, ugonjwa wa minyoo inyonyayo damu, ndiyo asili ya udumavu huo. Naitaja kwa kuwa aghalabu twaitafuta tumboni mwa mtoto, nayo imejificha tumboni mwa babaye na mamaye. Kiluwiluwi cha mnyoo huyu hungoja katika udongo wenye unyevu uliochanganyika na kinyesi, akatoboa ngozi ya mguu pekupeku (siri aliyoing'amua Mjerumani Arthur Looss huko Cairo mwaka 1898, baada ya kujimwagia viluwiluwi mkononi pasipo kukusudia), akapitia mapafuni na kooni, hatimaye akajipachika utumboni kunyonya damu. Minyoo 100 ya jamii iliyo kali zaidi humaliza kwa siku damu ya kujaza kijiko cha mezani. Na tofauti na minyoo ya kawaida ya watoto, huyu huzidi kadiri umri unavyozidi.

Mwenye safura haanguki kitandani, ndiyo maana huitwa mvivu. Hulima, ila kila tuta hupumzika. Palizi ikichelewa, magugu hutangulia na mavuno hupungua; akiba ikimwishia kabla ya mavuno mengine, hulazimika kuuza mahindi yakiwa bado shambani. Mkewe, akiwa mjamzito naye hana damu, huenda akazaa mtoto mwepesi asiye na akiba ya chuma mwilini; kisha, akirudi konde amechoka, hainjiki chungu mara ya pili, na mtoto wa mwaka mmoja, ambaye tumbo lake dogo halipokei shibe ya kutwa kwa mkupuo, hulala na ugali wa asubuhi.

Dawa ni kidonge kimoja cha albendazo, rahisi kwa bei. Mwanafunzi hukipata shuleni. Mjamzito hupewa kliniki, miezi 3 ya mwanzo ikiisha. Baba, asiye mwanafunzi wala mjamzito, huchukua jembe lake akaenda shamba, pekupeku.