Bitana ya Bwawa na Maji Yapoteayo

Katika Kanada na majimbo ya Marekani yenye baridi kali, mabwawa mengi ya kuogelea ya majumbani hayakutandazwa vigae, bali yamevishwa bitana ya vinili, yaani utando wa plastiki laini usiofika unene wa milimita moja, ulazwao juu ya kuta na sakafu na kukandamizwa hapo na uzito wa maji yenyewe. Plastiki hiyo kwa asili yake ni ngumu. Mmarekani Waldo Semon ndiye aliyegundua, mwaka 1926, namna ya kuilainisha kwa kuichanganya na dawa nyingine, na kwa kuwa dawa hizo hutoka kidogo kidogo kwa athari ya jua na klorini, bitana hukakamaa kadiri miaka ipitavyo, hata ikawa rahisi kupasuka.

Mwenye bwawa aonapo maji yamepungua, aghalabu hushikwa na fadhaa akaazimia kuyamwaga yote, ilhali jambo la kwanza limpasalo ni kupata yakini kama kweli pana tundu. Kwani jua na upepo navyo huchukua sehemu yao, na siku za joto milimita sita si ajabu. Ithibati hupatikana kwa ndoo: ijazwe maji ya bwawa, isimamishwe juu ya kipandio cha ngazi ya bwawani, itiwe alama ya usawa wa maji ndani na nje, kisha iachwe saa 24. Maji yakishuka sawasawa pande zote mbili, ni mvuke tu. Ya nje yakishuka zaidi, bwawa linavuja. Wala mtu asidharau upungufu mdogo, maana katika bwawa la mita 10 kwa 5, sentimita moja ni lita 500.

Jaribio hilo lirudiwe mara pampu ikiwa inakwenda, mara ikiwa imezimwa: upungufu ukizidi pampu inapokwenda, shaka iwe juu ya mabomba yarudishayo maji. Kadhalika maji yatazamwe mahali yakomeapo kushuka, kwani yakisita kwenye usawa wa taa au wa mdomo wa bomba, huenda tundu liko papo hapo.

Kisha hufuata kazi ya subira. Pampu izimwe, maji yatulie kabisa, na mwogeleaji mwenye miwani ya majini achukue kichupa cha rangi, aitoe tone kwa tone karibu na mishono, pembe, ngazi na skrubu zishikazo bitana. Penye uzima rangi hutanda kama moshi pasipo upepo. Penye tundu hujivuta ikawa uzi mwembamba, ikaingia ukutani machoni pake. Skrubu ikiwa imelegea ikazwe, au mpira wake uliochakaa ubadilishwe. Tundu la bitana lizibwe kwa kiraka cha vinili na gundi iwezayo kushika majini. Kiraka kikatwe duara, kwa sababu chenye pembe hubanduka upesi, nacho kikandamizwe kuanzia katikati hadi kingoni ili maji yatoke chini yake.

Kwa hiyo hapana haja ya kukausha bwawa, tena kufanya hivyo ni hatari: udongo wa nje husukuma kuta zisizo na maji ya kuzihimili, na bitana kuukuu ikishakauka hunywea, ikachanika wakati wa kujazwa tena.

Kinga nayo ni taratibu chache. Kipimo cha pH kisipungue 7.2 wala kisizidi 7.6, kwa kuwa maji yenye asidi nyingi huifanya bitana ikunjamane. Chembe za klorini ziyeyushwe kwanza ndani ya ndoo ya maji, zisitupwe sakafuni zikaichoma. Miguu ya ngazi ivishwe mpira, na mbwa wenye kucha wasiingie. Fauka ya hayo, ardhi isafishwe mawe na mizizi kabla ya bitana kulazwa, kwani ndago, lile gugu limchoshalo mkulima wetu, huweza kuitoboa kutoka chini kwa ncha zake kali.

Tundu lililoachwa halipotezi maji tu, bali hubeba mchanga ulio chini ya bitana hata sakafu ikabonyea, na kazi ya kiraka kimoja ikageuka gharama ya bitana nzima. Basi apimaye mapema na kuziba mapema ameokoa maji na mali pamoja.