Ngalawa na Ndoto ya Baharia wa Bara: Chombo na Istilahi Zake

Utangulizi

Mkazi wa Kinoo, magharibi mwa jiji la Nairobi, ametengwa na bandari ya Mombasa kwa takriban kilomita 500 za barabara. Hata hivyo, umbali haumzuii mtu kutamani kujiundia chombo na kukiendesha mwenyewe. Makala haya yanafafanua chombo kinachomfaa mtu wa aina hiyo, yaani ngalawa na jamaa zake, na kudhihirisha kwamba istilahi za chombo hicho ni sehemu ya ujuzi wenyewe wala si pambo.

Muundo wa ngalawa

Ngalawa huchongwa kutokana na gogo moja, aghalabu la mwembe. Kwa kuwa gogo ni jembamba, lingepinduka upesi likitwekwa tanga. Dawa yake ni mirengu, yaani miti miwili inayokingamishwa juu ya chombo, na ndubi, yaani mbao zinazofungwa kwenye ncha za mirengu pande zote mbili. Upepo unapokiinamisha chombo, ndubi ya upande huo hukanyaga maji na kukizuia kisilale. Jahazi husimama kwa uzito wa shehena au farumi. Ngalawa husimama kwa upana. Ndiyo maana ni nyepesi, ina kasi, na hupita penye maji haba.

Mintarafu ya asili, wataalamu wengi huuhusisha ubunifu huu na mabaharia wa Austronesia waliofika Bukini, ambako lugha ya jamii hiyo husemwa hadi leo. Wakomoro nao hukiita chombo hiki galawa. Jamaa yake, katamarani, ana jina la Kitamil lenye maana ya magogo yaliyofungwa pamoja.

Kujiundia chombo

Mnamo 1955, Mwingereza James Wharram aling'oa nanga Uingereza kwa katamarani ya mita 7 hivi aliyojiundia, akavuka Atlantiki hadi Trinidad. Baadaye aliwauzia watu wa kawaida michoro ya vyombo vya mbao za plaiwudi, ambavyo viungo vyake vingi hufungwa kwa kamba, sawa na mirengu. Kwa hivyo, viwiliwili viwili vyembamba vinaweza kuundwa uani Kinoo, vikasafirishwa kwa lori, na kuunganishwa ufukweni. Isitoshe, barabara ipitayo Kinoo huelekea Naivasha, penye ziwa la kujifunzia, mradi mwanagenzi awe na hadhari ya viboko.

Istilahi na hatima yake

Anayejifunza kubisha sharti ajue joshi na demani. Mwanafunzi wengi humjua demani kama msimu tu, ilhali kwa baharia ni pia kamba ya kuongozea tanga. Miembe mikubwa inapoadimika na mafundi kugeukia mbao na faiba, tezo huwekwa kando, na maneno yake huwekwa kando pia.

Hitimisho

Ni bayana kuwa ndoto ya baharia wa bara inatekelezeka, na kwamba inaanzia katika lugha. Katika Kiswahili, kinoo ni jiwe la kunolea. Bila shaka tezo haichongi kabla ya kunolewa. Vivyo hivyo, anayetamani bahari na anoe kwanza msamiati wake kwa mafundi wa Lamu, Vanga na Unguja, maadamu wangalipo.