Yai la asubuhi lisigeuke ugonjwa

Leo nianze na kosa langu mwenyewe.

Asubuhi moja mama watoto alikuwa amesafiri, nami nikashika kikaango. Kwa haraka niliyatoa mayai kwenye trei yakiwa na kinyesi cha kuku, nikayapasua kwenye bakuli, kisha kwa mikono ileile nikawakatia watoto mkate. Nikayaepua yangali majimaji, kwa kuwa wao huyapenda laini. Kesho yake mdogo alishikwa na homa, akatapika na kuharisha. Alhamdulillah, alipona kwa maji ya ORS na vidonge vya zinki. Choo chake hakikupimwa, hivyo siapi kuwa ni mayai. Lakini yale maswali ninayowauliza akina mama kila siku, safari hii niliyajibu mimi, na majibu yalinitia aibu.

Ndugu msomaji, yai ni chakula bora. Yai moja kubwa lina takriban gramu 6 za protini, tena bei yake ni nafuu kuliko nyama. Mama mjamzito naye ale. Yale maneno kwamba atazaa mtoto asiye na nywele hayana ukweli. Tatizo ni bakteria aitwaye salmonela. Hukaa kwenye kinyesi kilichoganda juu ya gamba, na wakati mwingine huwa ndani ya yai lenyewe hata kama gamba linang'aa. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi.

Tuliosoma madrasa tunakumbuka kuwa vitabu vya fiqhi hufunguliwa na mlango wa twahara. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kinyesi cha kuku ni najisi. Kikiwa nguoni hatuswali nacho, basi iweje tukiruhusu kiingie kwenye kikaango?

Tufanye hivi. Kwanza, usioshe trei nzima na kuyaweka mayai. Gamba lina vitundu vidogo na utando unaovikinga. Maji huuondoa utando huo. Osha yale unayopika sasa hivi tu, uyafute yakauke. Lenye ufa liache dukani.

Pili, pasua kila yai peke yake kwenye kikombe. Likinuka, litupe kabla halijaharibu mengine.

Tatu, nawa mikono kwa sabuni baada ya kugusa mayai mabichi, kabla hujashika mkate au kachumbari. Bakuli na uma uliokorogea navyo vioshwe kwa sabuni.

Nne, kaanga kwa moto wa wastani mpaka ute na kiini vigande. Ukikaanga bila kukoroga, funika kikaango kwa mfuniko. Mvuke utaivisha juu bila kuunguza chini.

Tano, yaliwe yakiwa moto. Yakikaa mezani zaidi ya saa mbili, bakteria huweza kuzaliana kwa wingi. Usiyapike usiku ukayaacha mezani kusubiri daku.

Mtoto akiharisha, mpe ORS na aendelee kunyonya au kula. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyobonyea au anatapika kila kitu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Dakika mbili zaidi jikoni zingetosha kuniepusha na mkesha ule. Wabillahi tawfiq.