Bukavu: Rangi za projekta zikiharibika, hakikisha kwanza kipimo chako

Nyuso za wachezaji zimekuwa za kijani, shuka jeupe linaonekana buluu. Mjini Bukavu, mwenye projekta akiona hivyo huanza kuhesabu pesa za taa mpya. Aliye na sensa ya rangi huichomeka kwenye kompyuta na kurekebisha picha kwa kufuata namba zake. Lakini namba hizo nazo zinaweza kudanganya, na projekta ikapotoshwa zaidi.

Sensa hiyo ndogo husoma mwanga mwekundu, kijani na buluu kutoka kwenye picha za majaribio. Programu kama HCFR, ambayo ni ya bure, hulinganisha mwanga huo na nyeupe ya kiwango kinachoitwa D65, yaani karibu kelvini 6500.

Kabla ya kugusa menyu, pima nyeupe ileile mara tatu bila kusogeza kitu. Majibu yakikaribiana, sensa imetulia. Yakitofautiana sana, kuna jambo la kutafuta.

Anza na umeme. Hata ukitoka karibu, kwenye mabwawa ya Ruzizi, umeme ukipanda na kushuka unaweza kuyumbisha mwanga wa taa. Tumia kifaa cha kusawazisha umeme, na usianze kupimia kwenye umeme wa SNEL kisha ukamalizia kwenye jenereta. Taa nayo iachwe iwake nusu saa kwanza, kwa kuwa rangi zake hubadilika inapopata moto.

Kuna pia suala la milima. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1460 hivi juu ya bahari, na nyumba nyingi za Bukavu ziko juu zaidi. Watengenezaji wengi wanataka projekta iwekwe kwenye hali ya mwinuko kuanzia mita 1500, ili feni izunguke kwa kasi. Chagua hali hiyo kabla ya kupima, si baada.

Kisha angalia sensa yenyewe. Sensa nyingi zina kifuniko cheupe cha kutawanya mwanga. Kifuniko hicho hutumika sensa ikielekezwa kwenye lenzi. Ikielekezwa kwenye shuka, kiondolewe, la sivyo namba zitashuka mno. Iweke kwenye mguu wa kamera, kivuli chake kisiangukie pale inapopima. Pima usiku, taa za chumba na simu zikiwa zimezimwa. Waya wa USB usizidi mita 5.

Kwa projekta za DLP zenye gurudumu la rangi, rangi hupita moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, kwa hiyo sensa inahitaji muda zaidi kwa kila kipimo. Uongeze kwenye programu. Rangi za giza nazo huhitaji subira hiyohiyo.

Ikiwa yote haya yako sawa na rangi bado ni mbaya, linganisha na sensa nyingine. Vichujio vya sensa za zamani hufifia kwa miaka na unyevu, na hapo namba zinaweza kuwa tulivu lakini za uongo. Sensa mbili zikikubaliana, tazama kwenye menyu saa ambazo taa imetumika. Hapo ndipo pesa ya taa mpya inaweza kutoka mfukoni.