Shilingi Milioni Moja Hununua Nini?

Mwaka 2004 Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha utafiti wa shule za msingi wilayani Busia, magharibi mwa Kenya. Walikadiria kwamba dawa za minyoo humwongezea mtoto mwaka mmoja wa kuhudhuria shule kwa dola 3.50. Mradi uliogawa sare za bure katika eneo hilohilo ulifikia matokeo sawa kwa dola 99. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, ambacho nitakitumia hadi mwisho ili kurahisisha ulinganisho, hizo ni shilingi 455 kwa shilingi 12,870. Njia moja ni nafuu kuliko nyingine mara 28.

Anayeanza kujifunza namna ya kupima misaada kwa ushahidi hukutana mapema na tarakimu hizi, kama nilivyokutana nazo mimi. Zinavutia kwa sababu katika harambee zetu tumezoea kutangaziwa kiasi kilichochangwa, mara chache sana kile kilichobadilika baada ya mchango. Lakini 3.50 ni jibu la hesabu ya kugawanya, na inafaa kuangalia kila kilichoingizwa humo.

Kwanza, kilichogawanywa. Kumtibu mtoto mmoja kwa mwaka kulihesabiwa kuwa senti 49 za dola. Bei hiyo haikutoka Busia. Ilitoka kwenye programu kubwa ya Tanzania. Katika mradi wenyewe wa Busia, uliokuwa mdogo, gharama ilikuwa dola 1.46 kwa mtoto. Waandishi waliichagua bei ya Tanzania kwa hoja kwamba serikali ikitekeleza mpango kwa upana, gharama hushuka. Hoja hiyo ina mantiki, ila ni dhana, na ina uzito mkubwa: ukirudisha 1.46, mwaka wa shule unapanda kutoka dola 3.50 hadi dola 10.43, yaani kama shilingi 1,356. Bado ni nafuu kuliko sare, ila sasa ni mara tisa na nusu, si mara 28.

Pili, kigawanyo. Senti 49 kwa dola 3.50 ni sawa na mwaka 0.14 kwa kila mtoto aliyetibiwa. Tukichukua mwaka wa shule kuwa siku 180, hizo ni siku 25. Siku hizo si zake peke yake. Minyoo huenea kwa udongo na maji, kwa hiyo anayetibiwa humkinga pia jirani asiyemeza kidonge, na faida ya jirani ilijumuishwa. Mwaka 2015 watafiti wengine waliirudia hesabu kwa data zilezile na kukuta makosa ya ukokotoaji. Utoro katika shule zilizotibiwa ulibaki kuwa umepungua, lakini faida kwa shule za mbali haikuonekana tena. Kigawanyo kikipungua, bei ya kila mwaka wa shule hupanda, hata kama bei ya kidonge haijabadilika.

Tatu, mahali. Jaribio lilihusu shule 75 zilizoorodheshwa kwa alfabeti na kupangwa kwa zamu katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Waliokuwa wakisubiri ndio kundi linganishi, yaani watoto wanaotuonyesha ambacho kingetokea bila dawa. Mwaka 1998 ulifuata mvua za El Niño, na asilimia 92 ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na aina moja ya minyoo au zaidi. Dawa hupewa darasa zima kwa sababu kumpima kila mtoto ni ghali kuliko kidonge. Kwa hiyo penye maambukizi ya asilimia 92, kila mtoto mwenye minyoo anagharimu senti 53. Penye asilimia 20, anagharimu dola 2.45. Kidonge ni kilekile, bei imepanda karibu mara tano.

Ushahidi wa baadaye unavuta pande mbili. Watoto wa Busia walifuatiliwa kwa miaka 20, na mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba waliopata miaka miwili hadi mitatu zaidi ya matibabu walikuwa na matumizi ya juu kwa asilimia 14 na kipato cha saa cha juu kwa asilimia 13. Mapitio ya Cochrane, yanayojumlisha majaribio mengi ya nchi mbalimbali, hayakuona athari ya maana kwa uzito, damu wala masomo pale watoto wote wanapopewa dawa. GiveWell, shirika la Marekani linalochambua misaada tangu 2007, kwa miaka mingi lilihesabu takriban asilimia 13 tu ya faida ya kipato iliyoripotiwa, kwa sababu ilitegemea utafiti mmoja. Ukiikata asilimia 13 ya kipato kwa kiwango hicho, inabaki 1.7. Shirika liliendelea kuiunga mkono dawa kwa sababu kidonge ni cha bei ndogo kiasi kwamba hata faida hiyo, ikidumu miaka mingi, inazidi gharama. Agosti 2022 liliziondoa programu za minyoo kwenye orodha yake ya juu kwa sababu ya kiwango cha mashaka. Mimi naiheshimu hesabu inayokubali kukatwa namna hiyo hadharani kuliko ile ambayo haijawahi kubadilika.

Sasa niligeukie swali ambalo wachangiaji wengi huanza nalo: asilimia ngapi inaishia ofisini? Katika Busia hiyohiyo, Kremer na wenzake walijaribu kugawa vitabu rasmi vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa mbele tayari, kwani vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Chukua shirika linalotumia asilimia 5 kwa ofisi: shilingi 950,000 za kila milioni zinaenda kwenye vitabu hivyo, na wastani unabaki palepale. Chukua lingine linalotumia asilimia 30 na kugawa dawa kwa ile bei ya juu ya shilingi 1,356: shilingi 700,000 zinazobaki zinaleta miaka 516 ya shule. Asilimia ya ofisi haikutueleza lolote kuhusu tofauti hiyo.

Swali la pili la kawaida ni kama kitu cha bure huthaminiwa. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilipima katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Chandarua chenye dawa kilipopandishwa kutoka bure hadi shilingi 40, waliokichukua walipungua kwa wanawake 60 katika kila 100. Waliokipata bure hawakukitumia kwa uzembe zaidi ya walionunua. Wanawake 40 wakilipa shilingi 40, mradi unakusanya shilingi 1,600. Gawanya kwa 60 waliorudi nyumbani bila kinga: kwa kila mmoja wao mradi umepata shilingi 27 hivi za mauzo. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa, na sioni hoja ya uendelevu wa mradi inayoweza kuihalalisha.

Chandarua kikijumlishwa na usambazaji kinagharimu takriban dola 5, yaani shilingi 650. Tarakimu hiyo huandikwa kwenye matangazo, na msomaji mpya hudhani ndiyo bei ya uhai. Sivyo. Makadirio ya GiveWell yamekuwa karibu dola 5,500 kwa kila kifo kinachozuiwa, yakibadilika kwa nchi na mwaka. Hizo ni shilingi 715,000, au vyandarua 1,100. Watoto wengi wanaolala chini ya vyandarua hivyo wangeishi hata bila kupewa, na hakuna anayeweza kumwonyesha kwa kidole yule ambaye asingeishi.

Milioni yetu, basi, inazuia kifo kimoja na nukta nne. Ikitolewa taslimu kwa familia maskini, kwa takriban dola 1,000 kila moja kama shirika la GiveDirectly lilivyofanya Siaya, magharibi mwa Kenya, inafikia familia saba hivi kabla ya gharama za uendeshaji. Jaribio hilo la Siaya lilihusu vijiji 653 na kaya zaidi ya 10,500. Lilikadiria kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola 2.5 katika uchumi wa eneo, bei za bidhaa zikipanda kwa asilimia 0.1 tu. Ukiyakubali makadirio hayo, milioni inageuka milioni mbili na nusu, na sehemu yake inawafikia majirani ambao hawakupewa kitu.

Kifo kimoja na nukta nne dhidi ya shilingi milioni mbili na nusu: hapa kugawanya hakusaidii, kwa maana vipimo ni viwili. Anayetaka kuvipanga lazima aamue uhai wa mtoto una uzito gani kando ya kipato cha familia, na kwa muda mrefu uzito huo uliwekwa na wachambuzi walio mbali. Mwaka 2019 shirika la IDinsight liliwauliza watu wa kipato cha chini nchini Ghana na Kenya. Waliohojiwa waliupa uhai uzito mkubwa sana, na wa watoto chini ya miaka mitano kuliko wa waliozidi umri huo. Majibu yao yakiingizwa, vyandarua hupanda juu ya fedha taslimu. Ni watu wa nchi mbili tu, na maswali yalikuwa ya kubuni, lakini hayo ni majibu ya watu ambao milioni hiyo inatolewa kwa ajili yao.