Alidhani nina nyumba ndogo, kumbe nasoma ngeli!

Msomaji, hebu nikuulize. Ushawahi kuchekwa mbele za watu, ukageuka kumtafuta mwenzi wako akusitiri, ukamkuta na yeye anacheka?

Mimi ilinikuta mwezi wa Desemba, kwenye sherehe ya kufunga mwaka ya ofisi anayofanyia kazi mke wangu pale Njombe mjini. Mama Junior ni mhasibu, ana digrii yake safi. Mimi nina duka la pembejeo Makambako, si mbali na pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar na Mbeya, na ekari tatu za parachichi njiani kuelekea Njombe. Njaa hatuna. Siku hiyo nilitinga suti, viatu vinang'aa, nikasema leo nitamtoa mke wangu kimasomaso.

Basi mgeni mmoja kutoka nje akanisogelea na glasi yake, mkono mfukoni, akauliza: "And what do you do?" Mimi nilichosikia ni "do" na "do". Sekondari tulifundishwa ukisikia hivyo unasalimiwa. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Fine, thank you!"

Mgeni akatabasamu. Wafanyakazi waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Na Mama Junior, ambaye pete yake nilimnunulia kwa hela ya viazi vya msimu mzima, akacheka nao, halafu akanijibia. Aliyoyasema sikuyaelewa. Kutoka Njombe hadi Makambako ni kilomita kama 60, na siku ile hatukusemeshana hata moja. Nilikuwa nasikia tu vifuta kioo vinavyokwaruza.

Naomba nieleweke. Mimi si mbumbumbu. Kwetu tunaongea Kibena, Kiswahili nimekipata shuleni na sokoni, hesabu za duka napiga kichwani. Lakini kidato cha nne Kiingereza nilipata F, na tangu hapo nikawa nakikwepa kama mtu anayekwepa mdai wake. Mke wangu akiongea na simu za ofisi kwa kimombo, natoka nje kuangalia kuku. Junior anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, na siku moja nilimsikia akimwambia mwenzie, "Baba hajui, tusubiri mama." Alikuwa na miaka saba. Ile ndiyo iliyoniuma kuliko hata kicheko cha Desemba.

Januari nikajitosa. Kuna chuo pale Njombe kinachofundisha Kiingereza kwa watu wazima jioni, siku tatu kwa wiki. Ada haikuwa kubwa sana, nauli ndiyo iliyokuwa inanitoboa mfuko. Mama Junior nilimwambia nakwenda shambani kukagua mipira ya maji. Daftari nililificha stoo, ndani ya mfuko mtupu wa mbolea, maana najua pale hagusi.

Darasani tulikuwa kumi na wanane. Kulikuwa na dereva wa bodaboda, mama mwenye biashara ya mbao, mchungaji, dada wa mapokezi wa gesti, na mzee mmoja mkulima wa viazi ambaye mjukuu wake kaolewa nje na vitukuu havijui neno la Kiswahili. Mwalimu wetu ni mstaafu wa sekondari, miaka 66, ndevu nyeupe. Siku ya kwanza alituambia tukiingia tuseme "Good evening, sir". Hakuna aliyeweza. Utamsalimiaje mzee wa watu bila shikamoo? Tukaishia kusema vyote viwili, "Shikamoo Mwalimu, good evening sir", naye akaitikia vyote viwili.

Wenzangu wa Njombe mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita. Tulikuwa tunakaa na masweta, makoti, wengine na mablanketi. Mwalimu akaigeuza ile baridi kuwa somo. Alisema herufi "h" ya Kiingereza ukiitamka sawasawa utaona mvuke unatoka mdomoni, usipouona, umeimeza. Basi darasa zima linahema kama ng'ombe waliotoka mnadani. Halafu "r" na "l", ambazo sisi Wabena tunazichanganya: "road" na "load". Dereva wa bodaboda alikuwa na road mgongoni na load chini ya matairi hadi tukalia kwa kucheka. Lakini kile kilikuwa kicheko kingine. Kila mmoja alijua zamu yake inakuja.

Ugonjwa wangu mimi ulikuwa "he" na "she". Fikiria mwenyewe: Kiswahili kina "yeye", basi. Mwanaume yeye, mwanamke yeye. Kibena nacho vivyo hivyo. Kwa nini nianze kumkagua mtu kwanza kabla sijamtaja? Mwalimu alinisahihisha mpaka kalamu yake nyekundu ikakaukia kwenye daftari langu.

Siku moja mzee wa viazi alisema kwa uchungu kwamba sisi ni wajinga, tumesoma miaka yote ile na bado hatuwezi. Mwalimu akafunga kitabu. Akatukumbusha kwamba tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha ukifika kidato cha kwanza unabadilishiwa lugha ghafla, bayolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza. Akauliza kama tunalijua jina la Jackson Makweta. Wazee wakacheka: nani asiyemjua? Mbunge wetu wa miaka mingi! Kumbe huyo huyo ndiye aliyeongoza tume ya elimu aliyoiunda Mwalimu Nyerere mwaka 1980. Mwaka 1982 tume ilitoa ripoti iliyopendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Haikutekelezwa. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari Kiingereza chao hakitoshi kusomea masomo mengine, na bado Kiingereza kikabaki. Sera ya elimu ya 2014 iliruhusu lugha zote mbili, lakini hadi leo mtoto wa kidato cha kwanza anakaribishwa kwa Kiingereza.

Sisemi tumlaumu mtu. Ila nilipanda Coaster jioni ile nikijiona mwepesi kidogo. Ile F niliyokuwa naibeba peke yangu, kumbe tuko wengi ndani ya gari.

Sasa twende kwenye kasheshe lenyewe.

Ilikuwa Jumanne usiku, mwezi wa tano. Natoka kuoga, taulo kiunoni, namkuta Mama Junior kakaa kwenye kochi, simu yangu mkononi. Mwalimu alikuwa kanitumia ujumbe: "See you tomorrow at 5. Please don't be late again." Namba yake nilii-save kwa herufi moja tu, M. Najua, najua. Mwenye akili timamu haandiki herufi moja.

"Baba Junior, huyu M ni nani?"

Nikauchuna.

"Na tangu lini wewe unaandikiwa Kiingereza? Umempata msomi, siyo? Ndiyo mipira ya maji hiyo?"

Hapo shetani wa majivuno akaniingia. Nikaona miezi minne ya nauli lazima ionekane leo. Nikanyoosha mgongo, nikasema kwa ngeli, sauti ya kujiamini kama ile ya Desemba:

"She is my teacher."

"She?"

"Yes. She is old. She has sixty-six years."

Mama Junior akasimama. "Mwanamke wa miaka sitini na sita! Baba Junior, umerogwa?"

"Ana ndevu," nikaongeza haraka kwa Kiswahili. "Ana ndevu nyeupe! Ni mwanaume!"

Nilikwenda stoo na taulo langu, nikaleta daftari, vumbi la mbolea likimwagika zuliani. Akalifungua. Akapekua ukurasa mmoja mmoja, kama anakagua hesabu za ofisi. Mwanzoni midomo ilimcheza, nikajua anazuia kicheko. Halafu akafika kwenye insha niliyopewa mwezi wa tatu, kichwa cha habari "My Wife". Nilikuwa nimeandika kwamba mke wangu ni mhasibu, ana akili sana, anampenda mtoto. Sentensi ya mwisho ilikuwa: "In December he laughed at me." Mwalimu alikuwa kaikata ile "he" kwa nyekundu, kaandika "she" juu yake. Hakuandika kingine.

Akakaa chini kwenye zulia. "Hii Desemba ni ile ya sherehe?"

"Ndiyo."

Usiku ule tuliongea mpaka majogoo. Aliniambia kitu ambacho kwa miaka tisa ya ndoa hajawahi kunigusia: chuo kikuu, mwaka wa kwanza, alimaliza muhula mzima bila kuuliza swali hata moja darasani. Maswali alikuwa nayo, ila aliogopa Kiingereza chake. Alikuwa anakariri notsi usiku kucha. Siku ya sherehe alicheka kwa sababu bosi wake alicheka, na alipokuwa ananijibia mikono ilikuwa inamtetemeka kwenye kanga ya begani. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, sikuiona.

Aliomba msamaha. Lakini na mimi hakuniacha hivi hivi. "Nilikucheka dakika moja," akasema, "wewe umenidanganya miezi minne." Nikatafuta jibu kwa Kiswahili, sikulipata.

Usidhani tangu hapo ni asali tupu. Tulikubaliana anisahihishe tukiwa nyumbani, siyo mbele za watu. Anajisahau. Nikiwa katikati ya sentensi ananidaka, "went, siyo goed", nami nanyamaza nusu saa nzima, na yeye ananuna kwa sababu nimenuna. Kama mwenzio anajifunza lugha unayoijua, nakuomba sana: mwache amalize. Hata kama amekosea, mwache afike mwisho wa sentensi yake. Na wewe unayejifunza, usifiche daftari kwenye mbolea.

Faida? Mwezi wa nane alikuja dukani wakala wa mnunuzi wa parachichi na mkataba wa kurasa tatu, wote Kiingereza. Zamani ningesaini nikimuogopa hata kalamu yake. Safari hii nikamwambia anipe siku mbili. Niliusoma na kamusi, Mama Junior kakaa pembeni nimemkataza asiseme kitu. Nikakuta kifungu kinachosema matunda yatakayokataliwa baada ya kupimwa ni hasara yangu na hayarudishwi. Wakala aliporudi nikamuuliza habari za kile kifungu, kwa Kiingereza changu cha kuunga unga. Alikuna kichwa, akaniuliza kama nitapenda nakala ya Kiswahili. Ilikuwa kwenye gari lake muda wote! Nilimuuliza kwa nini hakuitoa siku ya kwanza. "Hakuna aliyewahi kuiomba, mkuu."

Jumamosi hii nina mtihani wa hatua ya pili. Mama Junior atakaa dukani, na hajui bei ya dawa hata moja, kwa hiyo najua simu zitakuwa nyingi. Jana jioni Junior kaja na daftari lake, kapita kwa mama yake, kaja moja kwa moja kwangu. Anataka kujua kwa nini "knife" inaanza na "k" na hakuna anayeitamka.

Nikamwambia, "Tumuulize mama."

Mama yake akafikiri weee, akasema hata yeye hajui.